Kipanga na Wenzake wa Kumbi Moja

Matokeo ya darasa la saba yakishatangazwa, na TAMISEMI ikishapanga shule, nyumba chache za Tandahimba, Newala na Masasi hupata habari kubwa: mtoto wao amechaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu. Shule hizo zinajulikana kwa majina hata na wasiowahi kuziona: Ilboru ya Arusha, Mzumbe na Kilakala za Morogoro, Kibaha ya Pwani, Msalato ya Dodoma, na mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana. Zote saba ziko ng'ambo ya Rufiji. Mtoto wa Mahuta au Kitama akipangiwa Ilboru ana safari ya zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake. Basi wajomba huitana, fedha ya mnada wa korosho hutengwa, tranka na godoro hununuliwa, na maswali huwa mengi: nauli, michango, sare, nani atampokea Dar es Salaam. Swali moja haliulizwi, pengine kwa sababu linaonekana la kitoto. Anaachana na nani, na je, tuna haki ya kumwachanisha nao?

Naliita swali hilo la kidini na la kifalsafa, wala si la uendeshaji wa shule peke yake, kwa sababu chini yake limelala swali jingine ambalo Uislamu, Ukristo na mila za Wamakonde, Wamakua na Wayao zote zina kauli juu yake: kipaji ni cha nani? Ikiwa akili nyingi ni mali ya mtoto mwenyewe, basi kumpeleka mahali itakapokua upesi ni kumpa haki yake, na marafiki wa kijijini ni gharama ndogo. Ikiwa ni amana iliyowekwa kwa mmoja kwa ajili ya wengi, basi hao wengi hawawezi kuwa kitu cha kwanza kutolewa. Nashika kauli ya pili. Lakini siishiki kwa namna tuliyoizoea kwenye hotuba za mahafali, ya kumwambia mtoto mwerevu kwamba ana deni kwa jamii na atalilipa akiwa daktari. Mtoto wa miaka 12 hana deni. Wenye deni ni sisi wakubwa: tunadaiwa kumpa watu wa aina mbili, wenza wa akili na wenza wa rika, na hatuna ruhusa ya kumnyang'anya hawa ili tumpe wale.

Pingamizi la kwanza ni la zamani kuliko shule zote hizo. Aristotle, katika vitabu viwili vya Maadili ya Nikomako alivyoviweka kwa ajili ya urafiki, cha 8 na cha 9, anafundisha kwamba urafiki una aina tatu: wa manufaa, wa starehe na wa wema, na kwamba huu wa tatu, ulio kamili, huota baina ya watu wanaofanana. Pengo likizidi mno, anasema, urafiki hukatika, ndiyo maana binadamu hatarajii kuwa rafiki wa miungu. Mwalimu wa shule ya msingi huliona pengo hilo likianza mapema. Kipanga wa darasa la nne, maana hilo ndilo jina ambalo wanafunzi wenyewe humpa anayeongoza, humaliza hesabu kabla wenzake hawajanakili swali. Huuliza mambo ambayo jirani yake kwenye dawati hajui hata kama yanaulizika. Wakati wa mapumziko huenda akakuta wenzake wanamtafuta kwa haja moja tu, daftari lake. Huo ni urafiki wa manufaa ulio uchi, na mtoto mwerevu ndiye wa kwanza kuutambua. Wengine hujifunza kujificha: hukosea kwa makusudi, hunyamaza mwalimu anapouliza, hujishusha ili wasichukiwe. Hapa kwenye Uwanda wa Makonde, ambako kusifiwa hadharani bado huwatia hofu wazazi wengi kwa sababu ya jicho la hasidi, mama anaweza hata kumsaidia mwanawe kujificha.

Hata hivyo Aristotle huyohuyo anakiri jambo jingine ambalo wasomaji wake hulipita haraka: kwamba kulelewa pamoja na kulingana umri huzaa urafiki wa namna yake, unaofanana na wa ndugu, ambao hauanzi kwa kupima sifa za mtu. Uwanda wa Makonde umeijenga namna hii kwa ustadi ambao wanafalsafa wengi wangeuonea wivu. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyepita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, alieleza jinsi Wamakonde walivyoishi juu, mbali na maji, huku maji yakiwa chini mabondeni. Safari hiyo ya kuteremka na kupanda watoto wameifanya kwa makundi, kizazi baada ya kizazi. Mabomba yameipunguza, hayajaimaliza. Juu ya urafiki wa njiani ukajengwa ule wa kumbini. Wavulana waliotahiriwa msimu mmoja na kulala kumbi moja, na wasichana waliochezwa unyago pamoja, hubaki na kifungo ambacho hakuna aliyekiomba na hakuna anayeweza kukivunja kwa urahisi. Mtu hachagui alioingia nao jandoni. Mtoto wa mwenyekiti wa kijiji yumo na mtoto wa kibarua yumo. Kipanga yumo na yule anayeitwa kilaza yumo.

Kumbini hakuna nafasi ya kwanza. Nyimbo hufundishwa wote, kisu cha ngariba hakimwonei huruma anayejua kugawanya sehemu, na si ajabu aliyeongoza darasani akawa wa mwisho katika kucheza ngoma au kutega panya. Nadhani hapo ndipo ilipo thamani ya jambo hili kwa mtoto mwenye akili nyingi hasa, zaidi hata ya thamani yake kwa wengine. Yeye tangu aanze shule amepimwa, na kila alipopimwa ameshinda. Amejifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba watu humpenda kwa sababu ya kushinda. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mahali pamoja duniani ambapo anapokewa bila kupimwa, na ambapo wenzake wamemwona akilia. Shule haiwezi kumpa mahali hapo, kwa kuwa kazi ya shule ni kupima. Shule ya vipaji maalumu ndiyo haiwezi kabisa, maana hapo kila aliyemo aliingia kwa maksi, na anajua kwamba wa kitanda cha juu naye aliingia kwa maksi. Marafiki anaowapata huko ni wazuri, na wengi hudumu nao maisha yote. Lakini msingi wa kukutana kwao ni mtihani, na mwaka atakaoteleza katika mtihani ataujua uzito wa msingi huo.

Najua jibu litakalotolewa, na lina uzito. Jando na unyago vina madhara yake. Walimu wa Mtwara wamelalamika miaka mingi juu ya utoro wa msimu wa ngoma, juu ya wasichana wanaotoka unyagoni wakitazamwa kama wake watarajiwa hali bado wako darasa la tano, juu ya mafunzo ya mambo ya mwili yanayotolewa kwa umri usiofaa. Ndiyo sababu serikali za mitaa zimesukuma sherehe hizi ziingie kwenye likizo. Sina la kutetea hapo. Ila taasisi inaweza kukosea na haja iliyoizaa ikabaki palepale, na kusini tunaye mtu aliyelielewa hilo karibu karne moja iliyopita. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, alikuta shule za misheni zikimweka kijana njia panda. Asiyepita jandoni alibaki mtoto machoni pa wenzake hata kama alisoma Kiingereza. Aliyepita jandoni alihesabiwa ameanguka katika imani. Lucas na mapadri Waafrika wa Masasi, ambao mwanahistoria Terence Ranger alionyesha jinsi kazi yote ilivyowategemea, walikataa kumlazimisha kijana achague. Wakafanya jando la Kikristo: kumbi ikabaki, kutahiri kukabaki, mafunzo na rika vikabaki, vyote vikiwa chini ya padri na sala.

Hawakukosa wapinzani. Wamisionari wengine waliona upagani umebatizwa, na kwa upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi kuliko kwa wavulana. Sisemi Lucas alifaulu kote. Nasema aliliona tatizo mahali lilipo: kwamba mtoto anayetolewa kwa watu wake kabla hajapokewa nao anapata elimu na kubaki bila pa kusimama. Ifeanyi Menkiti, mwanafalsafa wa Nigeria, aliandika mwaka 1984 kwamba utu haukamiliki kwa kuzaliwa, mtu huupata hatua kwa hatua ndani ya jamii inayomlea. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwamba amekwenda mbali mno, kwa kuwa akili na hiari ya mtu zipo hata kabla jamii haijazitambua. Katika mabishano yao niko na Gyekye, na ndiyo maana sikubali rika lipewe mamlaka ya kukizima kipaji. Mtoto anayekosea kwa makusudi ili apendwe ameonewa na rika lake. Lakini kumkomboa kutoka katika uonevu huo kuna njia zaidi ya moja, na kumhamisha ndiyo njia ya wavivu.

Vitabu vya dini vina watoto werevu wawili ambao hatujawasoma vya kutosha kwa jambo hili. Wa kwanza ni Abdullah ibn Abbas. Alikuwa bado kijana mdogo Umar ibn al-Khattab alipokuwa akimkaribisha katika baraza la wazee waliopigana Badr. Wazee wengine hawakupendezwa. Waliuliza kwa nini huyu aingizwe hali wao wana watoto wa umri wake. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Umar hakuwajibu kwa hotuba. Siku moja aliwauliza wote maana ya Sura an-Nasr. Wengine wakasema ni amri ya kumshukuru Mungu ushindi ukija, wengine wakanyamaza. Ibn Abbas akasema ni habari ya kukaribia kwa kifo cha Mtume. Umar akasema naye hajui ndani yake zaidi ya hilo. Tazameni alichofanya kiongozi huyu. Hakumpeleka kijana mahali pa vijana wateule. Alimleta kwa watu wazima, mjini kwao, mbele ya jamaa zake, na akaijibu husuda hadharani kwa kumpa nafasi ya kuonekana. Akili yake ilipata wenzi wa kuilisha, na hakuna aliyemtoa Madina.

Wa pili ni Yesu wa miaka 12 katika Injili ya Luka, sura ya 2. Wahubiri husimulia jinsi alivyoketi hekaluni kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza, na waliosikia wakastaajabu. Huachwa jambo lililotangulia: wazazi wake walisafiri mwendo wa siku nzima bila kujua kwamba hayumo msafarani, kwa kuwa walidhani yuko na jamaa na marafiki. Maana yake huyu alikuwa mtoto mwenye watu. Mama asiyejua mwanawe ana marafiki asingetembea siku nzima bila wasiwasi. Na huachwa pia kilichofuata: baada ya siku tatu za kutafutwa na kuonekana, alirudi nao Nazareti, kijiji kisicho na sifa yoyote, akawatii, akaendelea kukua katika hekima, kimo, na kupendwa na Mungu na watu. Luka ameyaweka hayo pamoja. Hekima na kupendwa na watu havikukua mahali mbalimbali. Sidai kwamba Injili ina sera ya elimu. Nadai kwamba anayetumia mfano wa talanta wa Mathayo 25 kuhalalisha kumtoa mtoto kwao asome na Luka 2 kabla hajasaini fomu.

Sasa niwageukie wenye ushahidi wa kupimwa, maana hao ndio wapinzani wenye nguvu. Mwaka 1921 Lewis Terman alianza kuwafuatilia watoto wa California wapatao 1,500 wenye akili nyingi, na akakuta kwamba kwa wastani hawakuwa wapweke wala dhaifu kama ilivyodhaniwa. Matokeo hayo yalituliza watu kupita kiasi, kwa sababu wengi wa watoto wake walitoka familia zenye nafasi na walipendekezwa na walimu. Leta Hollingworth wa New York aliangalia wachache walio juu kabisa. Kitabu chake cha watoto wa kiwango cha akili (IQ) cha zaidi ya 180 kilichapishwa 1942, baada ya kufa kwake, na kinaeleza upweke mkubwa: mtoto ana mawazo ya mtu mzima na miguu ya mtoto, akicheza na wadogo anachoka, akicheza na wakubwa wanamfukuza. Miraca Gross aliwafuatilia watoto 60 wa Australia wa kiwango cha 160 na zaidi kwa miaka mingi. Waliorushwa madarasa mawili au zaidi walipata marafiki wazuri. Waliobakizwa na wa umri wao wengi waliteseka kijamii hadi ukubwani. Hapo hoja yangu inaonekana imeanguka.

Haijaanguka, ingawa imepata kovu. Nakubali moja kwa moja kwamba yupo mtoto wa nadra ambaye hakuna kijiji, wala wilaya, itakayompa wa kuzungumza naye, na kwa huyo safari ya mbali ni dawa. Lakini angalieni watoto wa Gross walikuwa wakiishi wapi. Walikuwa katika shule ambamo umri mmoja ni darasa moja, na kilicho cha pamoja kati ya watoto ni somo na maongezi. Mahali ambapo maongezi ndiyo mlango pekee wa urafiki, anayeongea lugha ya juu hufungiwa nje. Tandahimba watoto wana milango mingine: maji, shamba la mikorosho wakati wa kuokota, mpira wa makaratasi, ngoma, na ukoo wa mama unaowajaza nyumba moja watoto wa dada watatu. Ukweli ni kwamba utafiti wa Gross unakataza jambo moja, kumfungia mtoto mwerevu katika somo la umri wake. Hilo hata mimi nalikataa. Kumpa somo la wakubwa na kumwachia michezo ya rika lake si jambo alilolipima.

Na jambo hilo si ndoto, lipo, tena katika taasisi iliyo karibu na nyumba nyingi za wilaya ya Tandahimba: chuo cha Kurani. Ukumbini au chini ya mwembe huketi mtoto wa miaka 6 na wa miaka 14 kwenye mkeka mmoja, kila mmoja na juzuu yake. Anayekwenda mbio huenda mbio. Mwalimu humsikiliza alipofika na kumpa mahali pa mbele zaidi. Hahamishwi chumba, hatangaziwi kwamba ni wa kipaji maalumu, na akishawatangulia wenzake hupewa wadogo awasomeshe. Yapo ya kukosoa katika vyuo hivyo, ikiwemo bakora na kukariri bila kuelewa, na sipendekezi hesabu ifundishwe kwa kuimbwa. Lakini kwa swali letu chuo kimetatua kitu ambacho shule ya serikali inadhani hakitatuliki: namna ya kumwacha mtoto akimbie bila kumtoa mkekani. Kwenye bao ni hivyohivyo. Kijana anayejua kula kete huketi na wazee wa bao jioni, wanambishia na kumtania kama mtu mzima, kisha anakwenda zake kwa wenzake. Wazee hao hawajasoma saikolojia, lakini wamempa wenza wa akili bila kumgharimu rika.

Kuna upande wa taifa pia, na sitaki kuupita. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima kwa wasomi. Nyerere, ambaye yeye mwenyewe alipita Tabora, leo moja ya shule za vipaji maalumu, aliwafukuza zaidi ya 300, akapunguza na mshahara wake. Miezi michache baadaye, Machi 1967, akaandika Elimu ya Kujitegemea, akilaumu elimu inayowachuja wachache na kuwatenga na jamii waliyotoka. Ni jambo la kufikirisha kwamba nchi iliyoisikia lawama hiyo imeendelea kuwachuja watoto wake na kuwakusanya mbali. Wapo watakaonijibu kwa jina moja la nyumbani: Benjamin Mkapa. Mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyezaliwa 1938, angekaa kijijini asingefika Makerere wala Ikulu. Sawa. Lakini hatua zake za kwanza zilikuwa Lupaso na Ndanda, jirani na kwao, na Kigonsera, Pugu na Makerere zikaja kadiri alivyokua. Umbali ulikwenda sambamba na umri. Na mwaka 2020 alizikwa Lupaso. Sera ya elimu ya sasa, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi iwe miaka 6. Maana yake watakaochujwa na kusafirishwa watakuwa wadogo zaidi kuliko wa leo, na hoja ya umbali na umri itazidi kuwa nzito.

Kwa msichana mambo yanabadilika, na mtu mwaminifu lazima aseme. Rika la kijana mwerevu linamngoja. Rika la msichana mwerevu mara nyingi linaolewa. Akibaki, aliochezwa nao unyago wanaweza kuwa na watoto kabla yeye hajafika kidato cha pili, na maongezi yao yatakuwa juu ya mambo ambayo yeye hatakiwi kuyajua bado. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatishwa masomo, pamoja na waliopata mimba, warudi shuleni. Ni hatua nzuri, lakini hazijafika katika kila nyumba. Kwa hiyo msichana wa Tandahimba aliyechaguliwa Kilakala au Msalato, mimi nitasema aende, na aende upesi. Ila ieleweke kwa nini anakwenda: ni kwa sababu watu wazima wa kwao wameshindwa kulilinda rika lake. Siku tutakapowalinda wasichana wote wa kumbi moja, kipanga na wasio kipanga, sababu ya kumwondoa itakuwa imepungua nusu. Kumwokoa mmoja kwa kumhamisha na kuwaacha wenzake kumi waolewe hakuwezi kuitwa kulea vipaji.

Mwisho lipo pingamizi la mfukoni: vijijini hakuna vitabu wala maabara, na mwalimu wa sayansi ni mmoja kwa shule nzima, mtoto akibaki, kipaji kitakufa njaa. Ni kweli kwamba umaskini huu upo, na hoja yangu haina maana bila kuugusa. Lakini tuangalie fedha inakokwenda. Msimu wa korosho ukiwa mzuri, kijiji kimoja cha Tandahimba hutumia kwa sherehe kiasi ambacho kingejaza rafu kadhaa za vitabu, na vyama vya msingi vya ushirika tayari vinakata fedha kwa kila kilo kwa shughuli mbalimbali. Hakuna kinachozuia sehemu ndogo ya makato hayo ilete vitabu na mwalimu wa ziada mahali pamoja panapofikika kwa baiskeli, ambapo mtoto wa darasa la sita anayeweza hesabu za kidato cha pili atakaa Jumamosi na wa kidato cha pili, kisha arudi kwao jioni.

Basi ombi langu ni kwa watu wa aina mbili. Maafisa elimu wa Tandahimba, Newala na Masasi, ruhusuni mtoto avuke darasa kwa somo moja bila kuhamishwa madarasa yote, na likizo za Juni na Desemba zilindeni dhidi ya masomo ya ziada ili awahi jando na wenzake. Wajomba na wazazi, atakayechaguliwa kwenda mbali na mkaona vema aende, mpelekeni. Nauli ya kwenda hupatikana siku zote. Tengeni na ya kurudi, kila likizo, mpaka amalize kidato cha nne.